Viti Vitatu vya Kila Meza

Mheshimiwa Afisa Elimu, uliyekubali kukalia kiti chenye mguu mmoja mfupi bila kunung'unika, wajumbe wa kamati ya shule, walimu wenzangu, wazazi, wanafunzi mlioambiwa mkae kimya na mnaojitahidi, na wewe, Mwalimu tunayekuaga, ambaye ungependa kuwa darasani kuliko hapo mbele ulipowekwa kama chombo cha maua: habari za mchana.

Nimepewa dakika kumi. Mke wangu, aliyeisoma hotuba hii asubuhi, amesema dakika tano zinanitosha kujiaibisha, na zilizobaki zitakuwa za kurudia.

Mwalimu huyu amefundisha hapa miaka thelathini na moja. Wanafunzi mnamwita Kwa Nini, na mnadhani hajui. Anajua. Ukimwambia kengele imegongwa, atakuuliza kwa nini. Mimi, mkuu wake wa shule, nimewahi kupita chini ya dirisha lake nikiwa nimeinama ili nisiulizwe kitu.

Miaka minne iliyopita aliingia ofisini kwangu, akasimama mbele ya ukuta nilikobandika wastani wetu wa mitihani kwa herufi nyekundu.

"Mkuu, hii inamwambia mzazi nini?"

"Kwamba tumekuwa wa tisa."

"Wa tisa katika nini?"

Nikamwambia nina kikao. Sikuwa na kikao.

Kesho yake alirudi na wazo, nanyi wazazi mnalikumbuka kwa sababu mlilikalia. Kila mwisho wa mwaka, katika ukumbi huuhuu, mtoto aliketi mezani na madaftari yake yote ya mwaka mzima. Viti vingine vitatu vilikuwa vya watu wazima: mzazi wake, mzazi wa mtoto mwingine, na mtu wa nje, awe muuguzi, fundi au dereva. Mtoto alifungua daftari popote walipotaka, akaeleza alichofanya na alipokwama. Wao waliuliza. Kisha mimi nilisimama mbele ya meza ile nikajibu kwa yale waliyoyakuta. Aliyekuwa akipimwa, ndugu zangu, hakuwa mtoto. Ilikuwa shule.

Mwaka wa kwanza, mwashi mmoja aliyeketi safu ya nne pale, usijifiche ndugu yangu, alimpa mwanawe wa darasa la tano mojawapo ya madaftari ya kijana mwenyewe. "Soma hapa." Kijana akaweka kidole kwenye mstari. "Basi hapa." Kidole kikahamia hapo. Alikuwa amenakili kila kitu ubaoni kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, na hakuweza kusoma hata mstari mmoja.

Mwashi akanigeukia, kucha zake zikiwa bado na saruji. "Mwalimu Mkuu, ripoti yenu imempa sitini na moja."

"Ndiyo, mzee."

"Sitini na moja ya nini?"

Nimehojiwa na wakaguzi mara nyingi, na wote niliwapa chai wakaondoka. Huyu hakutaka chai. Kijana alikuwa amejifunza kubahatisha herufi A mpaka D, nasi tukaiita bahati hiyo ufaulu. Kwa Nini alikaa naye kila mchana kwa miezi saba. Leo kijana anasoma, na mama yake anasema sasa anasoma mpaka makaratasi ya dawa, na anawatisha nyumbani.

Je, kuna mtihani ambao ungeliona hilo? Kuna jedwali ambalo lingemtuma mwalimu akae na mtoto yule mchana hata mmoja?

Sasa nifike nilipokuwa nakwepa kufika. Mheshimiwa, ofisi yako ilituomba taarifa ya meza zile. Iliomba maelezo tu. Alama nilizileta mimi. Nilitaka kusifiwa. Nilikaa siku mbili nikachora fomu nzuri: ufasaha ishirini, kujiamini ishirini, mpangilio wa daftari ishirini, na kadhalika mpaka mia. Nikamwonyesha Kwa Nini kama mtoto anayeonyesha jino lililong'oka.

Aliisoma mpaka chini. "Mkuu, wewe ukipewa ua utalipima kwa rula. Yule wa mwashi angekaa wapi humu?"

"Kwenye ufasaha."

"Alikuwa fasaha sana, Mkuu. Alikuwa hajui kusoma."

Nikaituma. Ofisi ikaipenda, ikazipelekea shule zote, ikazipanga kwa alama. Tulikuwa wa pili. Cheti walichotupa nilikitundika palepale penye herufi nyekundu.

Mwaka uliofuata nilikuwa nikipita kati ya meza. Msichana mmoja akasema kwa sauti ya kupendeza, "Nimejifunza kutokana na makosa yangu." Mama mmoja fundi cherehani akamuuliza, "Kosa gani, mwanangu?" Mtoto akageuka kumtazama mwalimu wake. Meza iliyofuata mtoto mwingine akasema, "Nimejifunza kutokana na makosa yangu." Na iliyofuata. Walimu walikuwa wamewakaririsha, na mimi ndiye niliyewasukuma, maana nilitaka tuwe wa kwanza. Madaftari yalikuwa mapya, yamenakiliwa upya. Kosa lililofutwa ndilo tulilokuwa tukilitafuta.

Tulipata tisini na sita. Shule zote zilipata tisini na sita. Ofisi ikaandika, kwa haki kabisa, kwamba kipimo kinachotoa jibu moja kwa wote hakipimi kitu, na kuanzia muhula huu tunarudi kwenye mtihani peke yake. Nimeitafuta sentensi ya kubishana nayo. Sijaipata.

Mwalimu, watu watakusifu leo kwa uvumilivu. Mimi nakusifu kwa kuwa ulikuwa sahihi, jambo ambalo halikukusaidia. Unaondoka, na ulichokijenga nimekimaliza mimi kabla hujakabidhi funguo. Naomba radhi, na sidhani radhi inarudisha kitu.

Leo asubuhi getini mwashi alinishika mkono. "Mwalimu, mdogo wake yuko darasa la nne. Anakaa mezani lini?" Nikamwambia ratiba haijatoka. Ndugu yangu, nimekudanganya. Haitatoka. Mwanao huyo wa darasa la nne amepata sabini na nne. Sijui kama anajua kusoma.

Nimebakiwa na ombi moja. Kesho saa mbili kuna mtihani wa majaribio humu, na meza ni hizihizi. Mkitoka, kila mtu abebe kiti chake akiache kibarazani. Kila meza inahitaji kiti kimoja tu.

Mmenivumilia kwa muda mrefu kuliko nilivyostahili, na kwa hilo nawashukuru.