Fishi Ambayo Séraphin Kilufya Hakuiandika

Séraphin Kilufya alizaliwa Kambove tarehe 14 Machi 1938, mtoto wa tatu wa mchimba shaba Mathieu Kilufya na mama Bibiane Mujinga. Alisoma Mulungwishi hadi mwaka 1956. Walimu walimkumbuka kama mtoto aliyeuliza kila kitu kimetoka wapi, hata chaki.

Mwaka 1957 aliajiriwa kwenye ghala la vipuri la kampuni ya madini. Serikali ilipoichukua kampuni mwaka 1967, wazungu walioijua kazi ya ununuzi waliondoka na ujuzi wao kichwani. Séraphin akaanza kuuandika upya. Kila muuzaji alipata fishi yake, yaani kadi ya maelezo: anatengeneza nini, ananunua nini kwa mwingine, mali yake inapita njia gani, na akikosekana nani anashika nafasi yake. Kwenye kifuniko cha sanduku la fishi hizo alibandika kanuni. Mojawapo ilisema: asiye na karakana asiandikwe kuwa mtengenezaji, atafutwe aliye nyuma yake. Reli ya Lobito, ya kupitia Angola, ilipofungwa mwaka 1975, kwa asubuhi moja alitoa fishi za wote ambao mali yao ilipita kule, pamoja na wale waliowategemea bila wenyewe kujua.

Alimwoa Émérence Ngoie tarehe 3 Agosti 1963, wakakaa Shituru. Siku moja Émérence alimtania, akauliza fishi yake yeye iko wapi. Séraphin akamjibu, “Weye hauna remplaçant, hakuna wa kushika nafasi yako. Fishi ni ya nini?”

Mwaka 1982 mkurugenzi mpya alimtaka aandike kwamba nyumba moja ya biashara, mali ya kaka wa mke wa mkurugenzi huyo, inatengeneza vali za asidi. Séraphin alikuwa amefika kule, akakuta meza mbili na simu. Alimwambia, “Citoyen directeur, bale batu habana na atelier, habana na fundi. Minye siwezi kuandika asema banatengeneza.” Juma lile lile alihamishiwa kwenye vyuma chakavu, na sanduku akapewa mwingine.

Tarehe 19 Februari 1984 vali ya nyumba ile ilipasuka. Asidi ilimwua mdogo wake Séraphin, Ambroise, fundi wa mabomba. Kwenye uchunguzi ilitolewa fishi iliyoandikwa “mtengenezaji”, yenye sahihi ya Séraphin. Mwandiko haukuwa wake. Wenzake waliokuwa chumbani waliujua mwandiko wake vizuri, wakanyamaza. Alifungwa miezi kumi na mmoja. Hortense, mjane wa Ambroise, aliiamini sahihi ile, asimsemeshe tena.

Alitoka gerezani na kikohozi kisichopona. Pasaka ya mwaka huu karani mmoja, aliyeomba jina lake lisitajwe hapa, alikiri kwa Hortense kwamba sahihi aliiweka yeye, kwa kuamriwa. Hortense alikwenda siku ile ile hospitali alikolazwa Séraphin. Alimkuta hawezi tena kusema, wala hakujulikana kama anasikia. Alifariki tarehe 2 Mei 1988, akiwa na miaka hamsini.

Ameacha mjane Émérence, watoto Georges, Simone na Martine, wajukuu watano, na watoto wanne wa Ambroise.

Familia ilishauriwa kufupisha wasifu huu. Ameuandika Hortense, na ndiye anayeusoma. Shemeji, ulale kwa utulivu. Ulisema kweli, nami sikukuuliza.