Papa Venant Ntakwinja, Patron Asiyekaa

Padiri wetu, jamaa, majirani wa Nguba na wa Kadutu, wakwe zetu mulioamka mapema kutoka Kamanyola, na ninyi wote muliokula kwa mujomba wangu, tonton Venant, mukarudi nyumbani na kifurushi chini ya kwapa, jamaa imenichagua mimi Dany, mutoto wa dada yake Madeleine, niwasomee maisha yake, si kwamba nimesoma sana, shule niliiacha secondaire ya pili na mpaka leo haijanitafuta, lakini wenye diplome wote walijaribu jana, kila mmoja akalia kabla ya kufika mwaka wa kuzaliwa, sauti iliyobaki ni yangu, na mutakubali kwamba iko nzuri.

Marehemu Venant Ntakwinja alizaliwa Luhwindja, katika territoire ya Mwenga, tarehe 14 mwezi wa tano 1967, mutoto wa kwanza wa Papa Cyprien Ntakwinja, muchimbaji wa zahabu, na wa Maman Bibiane M'Rugenge, ambaye sisi wajukuu tunamuita Koko, na ambaye munamuona hapa mbele, amekaa wima kuliko sisi wote. Mwaka 1975 shimo lilimufunika Papa Cyprien, Koko akashuka Bukavu na watoto wake na sufuria yake, akapanga nyumba Kadutu, akafungua malewa karibu na soko, chakula cha benchi, bugali, sombe ya majani ya muhogo na sambaza, samaki wadogo wa ziwa, na ni moshi wa malewa ile uliomulisha tonton, ukamuvalisha, ukamupeleka shule.

Alianza primaire Kadutu mwaka uleule, akamaliza secondaire mwezi wa saba 1988, na diplome alipata, pourcentage sitaisoma kwa sababu marehemu anastahili heshima.

Mwezi wa kwanza 1989 aliingia kazi ya serveur, mupeleka chakula mezani, katika hoteli moja ya kando ya ziwa, akahamia Goma, halafu Kigali, akapanda mpaka kuwa mukubwa wa ma-serveur wote, akajifunza kutandika kitambaa cheupe cha meza kisicho na kunyanzi, kupanga glasi tatu mbele ya mutu mwenye kiu moja tu, na zaidi ya yote akajifunza kusimama, wima, na serviette, kitambaa cha kupangusia, mukononi, kwani patron wake wa Kigali alimuambia kwamba siku mwenye nyumba atakaa, kazi imekufa, na neno lile tonton alilishika kama katekismu.

Tarehe 21 mwezi wa nane 1993 alifunga ndoa takatifu na Maman Colombe, parokia ya Kadutu, mbele ya watu wengi ambao nusu yao hawakualikwa, na Mungu akawapa watoto watatu, Ornella, Chris na Merveille, wote wako hapa, wote wazuri, ingawa kwa uzuri walinifuata mimi.

Mwezi wa sita 2012 alirudi Bukavu moja kwa moja, akafungua resto yake Nguba, juu ya ziwa, akaiita L'Assiette d'Or, yaani Sahani ya Zahabu, vitambaa vyeupe, viti vyenye migongo mirefu, bugali iliyofinyangwa kiduara kidogo katikati ya sahani kubwa, na pembeni mustari wa mchuzi kama vile mutu alijaribu kalamu. Meza ya kwanza, ile ya dirishani ambapo kisiwa cha Idjwi kinaonekana asubuhi, aliweka kibao kimeandikwa Réservé, maana yake ina mwenyewe, na kibao kile hakuna mutu aliyekitoa, si mukubwa wa serikali, si muzungu wa ONG, shirika la misaada, kwa maana ilikuwa meza ya mama yake, na hamu yote ya tonton duniani, niseme wazi ili musinipotee, ilikuwa kuona Koko amekaa pale anakula.

Koko hakuja. Kila Siku ya Mungu, baada ya misa, tonton alipanda Kadutu kumubembeleza, na kila Siku ya Mungu Koko alimujibu, «Venant mutoto wangu, nyumba yako iko muzuri, lakini inaniangalia viatu.»

Na si Koko peke yake. Bazungu walikula, ma-agent wa ONG walikula, lakini watu wa Bukavu walifika kwenye mulango, wakapiga picha, wakaenda zao. Wengine wakasema ni bei, tonton akashusha bei, hawakuja, akaleta muziki, hawakuja, ndipo akaanza kusema kwamba batu ba Bukavu hawajui kula vizuri, jambo ambalo mutu wa Bukavu hawezi kulisikia akanyamaza, na watu walewale, ninyi hapa, nawaona, mulikuwa munamaliza mbuzi muzima kule mutaa wa Essence kila ijumaa na munalipa bila kunung'unika. Halafu projet za ma-ONG zikafungwa, bazungu wakapanda ndege, na resto ikabaki na ma-serveur wanaoangaliana.

Mwaka 2018, mwezi wa pili, jamaa ya kijana Hervé ilitoka Kamanyola kuja kumuposa Ornella, na tonton akaamua kuwapokea wakwe kwake, kwenye vitambaa vyeupe, na kwa sababu ya mujukuu wake, Koko alikubali kushuka, akavaa kitenge cha Pasaka, akakalishwa dirishani, kibao kikatolewa, na tonton mwenyewe akamusogezea kiti.

Sasa musikilize namna mutu mwenye akili anavyoharibu. Wakwe walipotaka kunawa, waliambiwa lavabo iko kule nyuma, karibu na choo, wazee wakajipanga kwenye korido kama watu wanaongojea sindano. Waliporudi, kila mmoja alipewa menu, mugeni unamuuliza anataka kula nini, na bei iko pale anaiona, na muzee wao, Papa Déogratias, akaigeuza ile menu mbele na nyuma, akauliza kwa adabu, «Mukwe, hapa tunasaini wapi?» Sahani zikaja, kila mutu na yake, kila mutu na kiduara chake, hakuna wa kumumegea mwenzake, hakuna wa kumusukumia mwenzake nyama, na nyuma ya viti tonton amesimama wima na serviette, anachunga. Papa Déogratias akamaliza, akangoja, akauliza tena, «Hii ilikuwa ya kuonja, mukwe? Ile yenyewe inakuja?» Wakwe wakashukuru sana, kupita kiasi, wakaaga, na Koko akasema atawasindikiza mpaka kwenye gari.

Akawasindikiza, Koko wetu, na hakurudi. Tonton alitoka kumutafuta, serviette bado mukononi, na chini ya muteremuko, kwenye malewa ya Maman Georgette, akaona gari ya wakwe, na ndani akaona wakwe, mikono ya mashati imekunjwa, bugali moja kubwa katikati inatoa mvuke, sahani ya sambaza, pilipili, kelele, kicheko, na katikati yao mama yake anamega na kugawa. Papa Déogratias hakuona haya hata kidogo, akamuita, «Mukwe, karibia, kule kwako tulikula kila mutu peke yake, kama bagonjwa ba hopitali!» Watu wa Maman Georgette wakacheka mpaka benchi ikalia. Tonton akamuuliza mama yake, kwa sauti ya mutoto wa primaire, chakula chake kilikosa nini, na Koko akashika chombo cha maji, akamumwagia mikononi, akamujibu, «Hakikukosa kitu, kilikosa wewe, ulisimama juu yetu kama mutu anayengoja tuondoke, kaa.» Tonton akakaa, akala, na posa ikapita palepale kwenye malewa, na mimi ndiye niliyeleta bia, hiyo ihesabiwe pia katika historia.

Kuanzia mwezi uliofuata alibadilisha, lakini hapa ndipo wengi hawaelewi, vitambaa vyeupe hakuvitoa, viti hakuvitoa, glasi hakuzitoa, kwa sababu watu wetu wanapenda kitu kizuri kama watu wote, walichokataa ni kuwa wapweke ndani ya uzuri. Maji ya vuguvugu na sabuni vikaanza kuzunguka meza kwa meza, muzee wa kwanza, watoto wa mwisho, bugali ikaja moja kubwa imefunikwa, samaki muzima na kichwa chake katikati, mwenye kualika akaulizwa kando, pembeni, chakula na bei, wageni wake wasione kitu, na kila aliyeondoka akapewa kifurushi cha waliobaki nyumbani. Siku za Mungu, baada ya misa, ilianza kuwa vigumu kupata kiti, jina la L'Assiette d'Or likafa lenyewe, watu wakasema tu «kwa Venant», na resto zingine za taa kubwa zilipofungua na kufunga, wenye resto hizo walikuja kumuuliza siri, mmoja akarudi akanunua vyombo vya kunawia vya rangi ya zahabu, akafunga hata hivyo, kwani ma-serveur wake walikuwa wanamwaga maji bila kumuangalia mutu usoni.

Kitu kimoja tu tonton hakuweza kukibadilisha, miguu yake. Alikuwa hakai. Koko akamuambia, «Nitakuja siku nitakuona umekaa,» tonton akasema wiki ijayo, mama, na wiki ijayo watu walijaa, na kibao cha Réservé kikarudi dirishani, kikabaki pale.

Mwaka 2022 ugonjwa wa sukari ulimushika miguu, daktari akamukataza kusimama, na mutu aliyekuwa hasikii mama yake, hasikii bibi yake Maman Colombe, akalazimika kusikia vidole vyake mwenyewe. Siku ya Mungu ya kwanza alipoletwa resto akiegemea Chris, alikalishwa mahali palipokuwa wazi, meza ya dirishani, na Merveille akapiga simu Kadutu. Koko alishuka saa ileile, akaingia bila kuangalia viatu vyake, akatoa kibao, akakiweka chini ya kiti, wakanawa, wakala katika sahani moja, na Maman Colombe anasema kazi yao ilikuwa kusukumiana samaki tu. Tangu siku ile mpaka alipolazwa, Koko hakukosa Siku ya Mungu hata moja, na wenyewe mulishuhudia, tonton mugonjwa alikuwa na furaha kuliko tonton muzima.

Alitutoka asubuhi ya tarehe 9 mwezi wa kumi na moja 2024, hapa Bukavu, akiwa na miaka 57, mama yake amemushika mukono.

Jamaa inawashukuru madaktari na ma-infirmière waliomutunza kwa uvumilivu, maana alikuwa anakosoa chakula cha wagonjwa wote, majirani wa Nguba waliobeba kilio hiki pamoja nasi, wenzake wa kazi ambao hawajavua mavazi meusi, na Maman Georgette, aliyetuazima benchi zake, zilezile.

Tukitoka makaburini tunashuka wote kwa Venant, maji yatazunguka, wazee kwanza, na Koko ametoa amri moja tu, hakuna mutu wa jamaa atakayesimama wageni wakila. Tonton, ulitusimamia sana, leo tunakulaza, upumzike kwa amani, na ukifika kule kwenye meza kubwa, tafadhali, kaa.