Jesse Eliakim Mariki, Aliyelitupa Panga

Jesse alizaliwa Machi 14, 1994, katika kihamba cha migomba cha baba yake hapa Mwika, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu mzee Eliakim na mama Elisifa. Alibatizwa na kupata kipaimara katika usharika wetu huu.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 2001 hadi 2007. Sekondari aliishia kidato cha pili, baada ya baba yake kufariki. Akateremka Moshi mjini kutafuta maisha, akaanza kwa kuosha magari.

Kazi iliyofuata familia haitaificha, kwa kuwa kila aliyekaa hapa anaijua. Jesse alikuwa mwizi. Alipora mikoba akiwa nyuma ya pikipiki, akavunja nyumba za watu, na wenzake wakampa jina la Komando. Alipopanda huku kwa Krismasi alileta nyama na makoti, na wanaume wa ukoo walimsogezea kiti cha mbele kwenye pombe ya mbege. Baba yake mkubwa, mzee Elifuraha, alimpiga begani akisema, "Huyu sasa ndiye dume la ukoo." Hakuna aliyemuuliza makoti yametoka wapi.

Aliacha wizi jioni moja ya Juni 2018, mtaa wa Pasua, Moshi mjini. Yeye na kundi lake walimpigisha magoti baba mmoja sebuleni kwake, watoto wake wakitazama, wakamwamuru abweke kama mbwa. Yule baba akabweka. Suruali yake ikalowa, na kundi zima likaangua kicheko. Jesse naye alicheka, mpaka harufu ya ule mkojo ilipomfikia. Alitoka nje akatapika ukutani, na mwenzake mmoja akapiga kelele, "Komando anatapika kama mjamzito!" Alimweleza mkewe baadaye kwamba kilichomtapisha si mkojo. Ni kusikia kicheko chake mwenyewe.

Kesho yake alirudi kwa mama Elisifa. Hakuwa na kazi, akaomba kufundishwa kukata majani na kukamua, kazi ambazo huku wanaume wengi huwaachia wake zao. Siku ya kwanza ng'ombe alimpiga teke akaangukia kwenye kinyesi, na mama yake alicheka hadi akakaa chini. "Mwombe radhi," mama alimwambia. "Umemshika kama unamnyang'anya." Jesse akamwomba ng'ombe radhi, kwa Kichagga, kwa adabu zote.

Wanaume wa kilabuni walimwita Mama Jesse. Mzee Elifuraha alimwona na mzigo wa majani kichwani, akatema mate njiani.

"Shikamoo, baba mkubwa," Jesse alisema. "Hilo koti ulilovaa lilitoka mgongoni kwa mtu, nawe ukanisifu. Leo nimebeba majani ya mama yangu, unatema mate."

Mzee alipita zake. Koti aliendelea kulivaa.

Mwaka 2020 Jesse alifunga ndoa na Rachel, binti wa Sanya Juu. Kabla ya kutangazwa kanisani alimsimulia yote, hata habari ya Pasua. Rachel alikaa miezi miwili bila kupokea simu yake, kisha akaja mwenyewe. "Ulichofanya kinanitia kinyaa," alimwambia, "na kitaendelea kunitia kinyaa. Lakini umenieleza wewe, sikuambiwa na mtu." Mungu aliwajalia binti, Violet. Jesse alimbeba mgongoni kwa khanga hadharani na kumsuka nywele mwenyewe, vibaya sana. Violet alikwenda hivyo hivyo shule ya Jumapili na akakataa kufumuliwa.

Vijana waliotaka kuacha wizi walianza kumfuata. Wa kwanza alikuwa Lucky, waliyekuwa naye mjini. Aliposhikishwa ndoo ya maziwa aliuliza, "Sasa nitaonekanaje?" Jesse akamjibu, "Utaonekana unakamua ng'ombe." Lucky anakamua hadi leo.

Jumamosi ya Oktoba 12, 2024, asubuhi, lilipigwa yowe. Kahawa ya jirani ilikuwa imeibwa kichanjani. Jesse alikimbia kusaidia kama wengine, na panga lake la majani mkononi. Katikati ya watu mmoja akasema, "Mwizi tunamtafuta wa nini, na tunaye hapa?" Wakamwangukia kwa mateke na magongo. Rachel alipomuuliza hospitalini kwa nini hakujitetea, alisema, "Niliwatazama nyuso. Walikuwa wanacheka, vile vile tulivyocheka Pasua. Nikaona kinyaa, nikalitupa panga."

Kahawa ilipatikana Himo. Aliyeiuza ni kijana wa mwenye kahawa. Waliompiga wakaleta kreti ya soda na kusema ilikuwa bahati mbaya. Soda hiyo haikunywewa.

Figo za Jesse zilishindwa, akafariki Oktoba 28, hospitalini Moshi. Kikao cha ukoo kilishauri isomwe hapa kwamba aliugua ghafla, ili kulinda heshima ya kijiji. Mama Elisifa alisimama. "Nimemwosha mimi," alisema. "Nimeona alama za viatu kwenye mgongo wa mwanangu. Andikeni alipigwa." Ndivyo ilivyoandikwa.

Marehemu ameacha mama, mjane, binti mmoja, na dada yake Esther, ambaye ndiye anayesoma maneno haya. Jeneza litabebwa na Lucky na vijana wenzake wanaokamua. Wale waliompiga wapo hapa, wamevaa suti. Familia inawaomba wasiguse udongo wa kaburi hili. Wasimame pale walipo, waangalie, na leo wasicheke.

Mungu ampe Jesse pumziko ambalo sisi tulimnyima.