Nilipouchukua Mkorosho wa Bi Mwanakombo

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mlioitikia kwa nguvu nawashukuru, na mlioitikia kwa uchovu nawaelewa zaidi, maana na mimi nimechoka. Naomba mniruhusu niseme nikiwa nimekaa. Mzee wa kanisa ameniomba ushuhuda huu Jumapili nne mfululizo, na kila mara namjibu kwamba wangu ni mdogo. Sikutolewa mapepo. Sikuinuka kitandani hospitali watu wakashangaa. Nilikuwa mtumwa wa pombe, Bwana akanitoa, na mpaka leo naogopa kurudi. Basi, ndiyo hiyo habari yenyewe. Iliyobaki ni jinsi ilivyokuwa.

Wengi wenu mnanijua kwa vibao. Kibao cha duka la vitambaa, kibao cha fundi baiskeli, maandishi ya mlangoni pa zahanati, yote ni mkono wangu. Lakini kazi niliyoipenda haikuwa hiyo. Niliipenda kazi ya kuchora mandhari, yaani nchi kama ilivyo: mikoko, mashamba ya chumvi, njia ya mchanga inayoingia kwenye minazi. Baba yangu alikuwa mkata mkonge karibu na Kerege, na nyumbani kwetu picha ilikuwa ni ile ya kalenda tu. Fundi aliyenifundisha vibao ndiye aliyenitia wazimu huu. Siku moja mchana, miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, ilibaki rangi kidogo kwenye makopo, akaniambia niende nayo pwani nisiimwage bure.

Nilikwenda kwenye mikoko wakati maji yamekupwa. Nilidhani tope ni la rangi moja. Nikakaa, nikatazama, nikaona lina buluu, lina zambarau, lina rangi ya chai ya maziwa, na kila nikigeuza kopo tope lenyewe limeshabadilika kwa sababu jua limesogea. Nililia, ndugu zangu. Kijana mzima nalilia tope! Nikarudi na kipande cha plaiwudi kilichochafuka rangi, fundi akakitazama muda mrefu, akasema, "Umeichukua."

Hilo ndilo lililokuwa neno lake. Hakusema nenda kachore mnazi, alisema nenda kauchukue. Maana yake uuchukue kwa macho, kwa mkono, uulete nyumbani bila kuung'oa. Nikalizoea neno hilo mpaka nikasahau kwamba watu wengine wanalitumia kwa maana yake ya kawaida. Litunzeni neno hilo, kwa sababu karibu linimalize.

Sasa niwaambie kazi ya kuchora nje ilivyo, maana mnadhani mtu amekaa kivulini anastarehe. Nilikuwa natengeneza kitambaa mwenyewe, amerikani niliyoipaka gundi na chokaa, nikaikaza kwenye fremu. Nilikuwa na miguu mitatu ya mti niliyoifunga pamoja juu, ndiyo inayoshika picha isimame. Upepo ukija unaiangusha. Mchanga unaingia kwenye rangi. Siafu wanakupanda. Na zaidi ya yote kuna kungoja. Umeanza na jua, wingu linakuja, unangoja liondoke. Likiondoka, vivuli vimeshahama. Unarudi kesho, kesho mvua. Asilimia kubwa ya kuchora ni kukaa na kungoja, na mtu anayengoja anatafuta cha kufanya na mkono.

Mimi nilipata tembo la mnazi. La asubuhi, tamu, halina ubaya. Halafu la mchana, ambalo si tamu. Halafu nikafika kwenye moshi, pombe ile kali ya kuchemsha kwa siri. Nikawa naibeba ndani ya chupa ya tapentaini, ile dawa ya kuoshea brashi, ili mke wangu asijue. Nilikuwa na chupa mbili zinazofanana. Siku moja nilikosea, nikaosha brashi kwa moshi na nikanywa nyingine. Mnacheka. Sawa, chekeni, mimi nilitapika siku mbili, na siku ya tatu nikanunua moshi tena.

Ikafika mahali bila pombe mkono haukamati brashi. Asubuhi ulikuwa unatetemeka mpaka nishike kikombe kwa mikono miwili. Nikinywa, unatulia, nachora saa mbili tatu, halafu naanguka chini ya picha yangu mwenyewe. Mke wangu Elizabeti akachukua watoto wetu wawili wa kike akaenda kwa mama yake Vigwaza. Hakugombana nami. Alikunja nguo, akaniambia maji yapo mtungini, akaenda.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipokuwa mwaka juzi nilipokwenda Makurunge.

Nilikwenda kwa sababu ya mikorosho. Nilisikia kule kuna shamba la mikorosho ya zamani, matawi yake yamelala chini yakaota tena. Kitu ambacho sikukisikia, kwa kuwa mlevi hasikilizi habari za watu, ni kwamba wenyeji wa kule walikuwa hawalali kwa hofu. Kulikuwa na maneno kwamba ardhi itapimwa kwa ajili ya shamba kubwa la miwa, na kwamba wapima wako njiani.

Basi nifikirieni mimi. Mgeni, amesimamisha miguu mitatu katikati ya shamba la watu. Amefumba jicho moja, amenyoosha mkono na penseli mbele ya uso, anapandisha kidole gumba juu ya penseli, anashusha. Ndivyo tunavyopima urefu wa mti ili uingie kwenye picha. Ndivyo hasa anavyoonekana mpima ardhi.

Akaja mwenye shamba, mama mmoja mtu mzima, Bi Mwanakombo, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, mikono myeusi kwa mafuta ya kubangua korosho. Nikamwamkia vizuri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wafanya nini hapa kwangu?"

"Nauchukua mkorosho huu, bibi. Na ule pale pia nitauchukua."

Aligeuka akaitazama nyumba yake. Akauliza, "Na nyumba?"

"Nyumba nitaichukua kesho asubuhi," nikamwambia, nikitabasamu. "Sasa hivi jua liko vibaya."

Akasema, "Haya," akaenda zake. Mimi nikafurahi kwamba nimekutana na mtu muungwana. Nikanywa kidogo. Baada ya muda akarudi na wanaume saba wenye mapanga na balozi wa nyumba kumi, Mzee Shomari.

Hawakunipiga. Wangeweza. Mzee Shomari aliuliza karatasi zangu za kazi, sina. Akauliza nimetumwa na nani, nikasema nimejituma mwenyewe, jibu ambalo lilizidi kuharibu. Akafungua mkoba wangu, akanusa chupa ya kwanza, akanusa ya pili, akazimwaga zote mbili mchangani. Nilipoona ule moshi unazama ardhini nilipiga kelele kuliko nilivyopiga nilipoona mapanga. Wakanifungia kwenye banda la kuwekea korosho, wakatuma mtu mjini kuuliza kama kuna mpima wa namna yangu. Ilikuwa Ijumaa. Jibu lisingepatikana kabla ya Jumatatu.

Jumamosi yote nilitetemeka. Jasho, baridi, macho yanaona wadudu wasiokuwepo. Bi Mwanakombo ndiye aliyeniletea uji. Fikirieni, ndugu zangu: mtu anayeamini nimekuja kumnyang'anya mikorosho aliyopanda mumewe ananiletea uji wa mchele wenye pilipili manga, ananishikia bakuli kwa sababu mimi siwezi. Akaniuliza, "Mwanangu, una homa?"

Nilikuwa na uongo mwingi tayari. Malaria ilikuwa karibu kabisa mdomoni. Sijui kwa nini sikuitoa. Nikasema, "Hapana, bibi. Ni pombe inatoka."

Lilikuwa neno la kwanza la kweli nililolisema kwa miaka. Akaitika, "Aa," kama mtu aliyeambiwa saa ngapi, akaendelea kuninywesha. Alipoondoka nilimsikia nje akitawadha kwa ajili ya sala yake ya alasiri. Yeye akasali upande ule, na mimi upande huu wa ukuta wa makuti nikapiga magoti kwenye maganda ya korosho. Nilikuwa sijaomba tangu Elizabeti aondoke. Nikasema, Bwana, nimechoka. Sikusema zaidi, kwa kuwa zaidi sikuwa nayo. Nilikuwa nimechoka kuficha chupa, nimechoka kungoja jua, nimechoka kuwa mimi.

Jumapili Mzee Shomari akanitoa nje mbele ya watu. Alikuwa mtu wa haki, hakutaka kungoja mji ikiwa jambo linaweza kuamuliwa pale. Akaniambia, "Wasema u mchoraji. Chora tuone."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipojua uchungu. Maisha yangu yote kulikuwa na kitu kimoja nilichoweza kukifanya mbele ya mtu yeyote, na sasa nimeombwa hicho hicho, na siwezi. Brashi ilinidondoka. Nikaomba mkaa jikoni, nikajaribu mstari wa shina la mkorosho, ukaenda kama njia ya konokono. Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Mwongo huyu." Nikamwomba Mungu palepale, waziwazi, anipe mstari mmoja tu ulionyooka.

Hakunipa. Nawaambia kweli, kwa sababu katika shuhuda nyingine ninazozisikia mkono ungetulia hapo. Wangu haukutulia. Lakini nikafikiri, kama mistari haiwezekani, basi niache mistari. Nikaulaza mkaa ubavu, nikaanza kusugua vivuli tu. Kivuli kizito chini ya matawi, chepesi kando, mahali peupe pale jua lilipopenya. Kwa kivuli mkono unaotetemeka hauharibu kitu. Nikaweka kivuli cha kigoda anachokalia Bi Mwanakombo akibangua, na kivuli chake mwenyewe, kwa kuwa alikuwa amesimama hapo. Kwa miaka yote nilikuwa nawaacha watu nje ya picha zangu, naona wananiharibia nchi. Yule sikuweza kumwacha.

Bi Mwanakombo akasogea, akainama, akatazama mahali pake pa kukaa. Akamgeukia balozi.

"Shomari, mpima ana haja gani na kivuli? Huyu si mpima. Huyu mlevi tu."

Sijawahi kusifiwa vile. Niliangua kilio mbele ya wote, na hawakucheka tena. Mzee Shomari akanirudishia miguu yangu mitatu, akanionya kwamba nikienda shamba la mtu niseme nachora, basi. Bi Mwanakombo akaniambia nikae siku nne zaidi mpaka niweze kushika bakuli mwenyewe. Nikakaa. Tangu siku ile ya Ijumaa mpaka leo, mwaka mmoja na miezi kadhaa, pombe haijapita koo hili. Bwana asifiwe. Si nguvu yangu. Mungu alinifungia ndani ya banda kwa neno moja la kijinga, na akamweka mama wa dini nyingine anishikie bakuli, ili nikiri. Asante, Bwana.

Lakini ushuhuda nusu ni uongo, kwa hiyo nimalizie. Mkono bado unatetemeka asubuhi. Elizabeti bado yuko Vigwaza. Namwandikia, ananijibu kwamba wazima na kwamba ataona. Na tangu wakati ule sijachora nje hata mara moja. Nachora vibao, chini ya paa, watu wakipita. Naogopa kule kungoja. Sijui kukaa peke yangu na wingu bila chupa.

Juzi muuza samaki aliniletea salamu kutoka Makurunge. Wapima wa kweli wamefika. Wameweka vigingi vyeupe, na kimoja kiko hatua chache kutoka jikoni kwa Bi Mwanakombo. Ametuma maneno haya: mwambieni yule mlevi wangu aje anichukulie shamba langu kabla halijachukuliwa. Nimeshakaza kitambaa. Nimeshapaka chokaa. Kesho naondoka, na ile nyumba wanamochemsha moshi iko palepale kwenye njia, na mwenye nyumba ananijua kwa jina.

Ndugu zangu, kawaida anayetoa ushuhuda anawaita wengine waje kwa Bwana. Nami nawaita: kama kuna mtu hapa anayeficha chupa, aseme neno moja la kweli kwa mtu yeyote, hata asiye wa dini yake, Mungu ataanzia hapo. Mtumainini, hachoki kama sisi. Ila na mimi leo naomba. Naomba mtu mmoja atembee nami kesho asubuhi, si mpaka Makurunge, mpaka tuipite ile nyumba tu. Nikishaipita anaweza kurudi. Mimi nimekaa kwa sababu nimechoka, lakini yule atakayekwenda nami, tafadhali asimame nimwone.