Mguu Uje Wenyewe: Historia ya Marehemu Esta Elinaza Mrutu

Baba mchungaji, wazee wetu, majirani na nyote mlioteremka milimani na kutoka tambarare kuja kutufariji, familia inawaomba mtulie kidogo tumsindikize mama huyu kwa maneno yake na matendo yake, maana alikuwa msemaji, na asingependa tumfupishe.

Marehemu Esta alizaliwa tarehe 14 Agosti 1969 katika kijiji cha Mbaga, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Elinaza Mrutu na mama Naomi, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, akafaulu vizuri, lakini Januari 1985 mama yake alifariki na kumwachia mdogo wake wa mwisho, Hezroni, mwenye miaka miwili. Esta akabaki nyumbani, akambeba Hezroni mgongoni shambani na kisimani, mpaka wenye mizaha kijijini wakawa wanauliza kama mtoto yule kweli ana miguu.

Tarehe 6 Oktoba 1990 alifunga ndoa na Zebedayo Mmbaga, fundi mwashi, katika usharika wa Mbaga, wakahamia hapa Same mjini, na Mungu akawajalia watoto watatu, Devotha mwaka 1992, Eliamani mwaka 1997, na Sabrina mwaka 2008, ambaye aliacha shule akiwa kidato cha pili ili awe karibu na mama yake mgonjwa, jambo ambalo marehemu hakulipenda na alilisema waziwazi.

Kazi yake ilianzia kwenye miguu ya mumewe. Mwaka 1998 Zebedayo alishinda akimwaga zege akiwa na viatu vifupi, saruji mbichi ikaingia ndani, akadhani ni jasho, na jioni ngozi ya vifundo ikatoka pamoja na soksi. Esta alimuuguza wiki tatu, na mwaka uliofuata akafungua banda la mabuti ya kazi sokoni, mwanamke pekee katika safu ile. Wanaume wakamcheka, "Mama, wewe umechimba wapi?" naye akawajibu, "Sijachimba, nimefua soksi zenye damu."

Mteja alipotaja namba, marehemu alimuuliza kwanza kazi. Mwashi alipewa buti refu la mpira na kuambiwa suruali ikae nje, isije ikageuka mrija wa saruji, mchimbaji wa jasi alipewa lenye chuma cha mbele, fundi umeme akanyimwa kabisa buti la mtumba ambalo soli yake imetobolewa na msumari, umeme usije ukapata njia, hata kama amelipenda, na mkulima wa tangawizi wa kule juu alipewa soli yenye meno marefu, kwa sababu, alisema, mlima wenye utelezi haumheshimu mtu.

Familia haitaficha kosa lake, kwa kuwa yeye mwenyewe hakulificha. Juni 2013 Hezroni alipata kazi kwenye machimbo ya jasi upande wa Makanya, na kwa desturi yetu ya milimani akaupima mguu wake kwa ukambaa, uzi wa ganda la mgomba mbichi, akaukata, akaukabidhi kwa kondakta wa basi siku ya Alhamisi ampelekee dada yake. Ukambaa ule ulikaa juani kwenye kaunta ya dada yake hadi Jumamosi, ukanyauka na kujikunja, na Esta, aliyekuwa na wateja wengi siku hiyo, akaupima ulivyo, akachagua mabuti ya namba 41. Jumatatu alfajiri alimpelekea mdogo wake stendi, Hezroni akayajaribu, yakaingia, maana mguu wa alfajiri bado haujavimba kwa kazi, wakaagana wakicheka. Tarehe 25 Juni, vidole vikiwa vimebanwa na kile chuma mpaka havivumiliki, Hezroni aliyavua akavaa kandambili, na mchana huo jiwe likamwangukia, akapoteza vidole viwili vya mguu wa kulia.

Esta alipomtembelea hospitali, Hezroni alimwambia, "Dada, ulinipima mimi au ulipima mgomba?" Esta alimpelekea jozi nyingine, namba 43, ikarudishwa na kondakta yule yule. Tangu hapo Hezroni alihudhuria kila harusi na kila msiba wa ukoo akiwa na kandambili, mguu ule mbele uonekane, lakini bandani kwa dada yake hakukanyaga kwa miaka kumi na miwili.

Marehemu akabandika ukutani karatasi iliyosema: MGUU UJE WENYEWE, SAA TISA ALASIRI, NA SOKSI YA KAZI. Saruni, kijana wa Kisiwani aliyeacha katambuga za matairi akapata kazi kwa mchomeleaji, alifika saa mbili asubuhi akalalamika, "Mama, kwani hii miguu niliyokuja nayo ni ya nani?" akajibiwa, "Hiyo ni ya kitandani, mwanangu, nenda ukaniletee ya kazini." Alirudi alasiri, akapewa buti la ngozi lisilo na kamba, ili cheche isipate pa kujishika, na leo yuko hapa amelivaa.

Ile jozi ya namba 43 hakuiuza. Kila Jumamosi aliipaka mafuta ngozi isipasuke.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, miguu ikavimba kiasi cha kukosa kiatu, akatania kwamba yake sasa ni ya saa tisa hata asubuhi. Juzijuzi Sabrina alimwomba ruhusa ayapeleke yale mabuti kwa mjomba, akakataa, akasema, "Usiyapeleke. Mguu uje wenyewe." Alifariki Jumapili tarehe 17 Agosti 2025, akiwa na umri wa miaka 56.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliolala nasi, wafanyabiashara wenzake wa sokoni waliofunga mabanda leo, na vijana waliochimba kaburi katika mawe haya magumu.

Katika shukrani hizo yupo mmoja wa kutajwa. Jana Hezroni alishuka kutoka Mbaga, akashika sururu akiwa na kandambili, mawe yakaruka, na ilipofika saa tisa akaiweka chini, akaenda bandani, akaketi kwenye kigoda cha kupimia, akamwambia Sabrina, "Mpwa wangu, nipe soksi kwanza." Akavaa ile jozi ya namba 43, pale vidole vilipokosekana akajaza kitambaa, akafunga kamba mwenyewe, akarudi kaburini akachimba mpaka mwisho.

Mama Esta, pumzika kwa amani. Mguu umekuja.