Dirisha la Wafiwa: Risala ya Wastaafu wa Wilaya ya Tamarack

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Dale Pascoe, Mwenyekiti wa Baraza la Wilaya ya Tamarack,
Mchungaji Lindqvist, mwenyeji wetu,
Wastaafu wenzetu wa barabara, shule, maktaba na zahanati,
Mabibi na mabwana.

UKARIBISHO

Kwa heshima na taadhima, sisi wastaafu wa wilaya hii tunakukaribisha katika ukumbi wetu huu wa chini ya kanisa. Tumesikia kwamba gari lako limeteleza likaingia mtaroni pale kwenye kona ya kiwanda cha mbao. Pole sana. Mwenzetu Art Cappelletti, aliyekuwa dereva wa gari la kukwangua theluji, ametuagiza tuseme kwamba enzi zake kona ile ilikwanguliwa kabla ya alfajiri. Tumeshasema, Art. Sasa tulia.

HISTORIA YETU

Mgeni rasmi, chama hiki hakikuanzishwa kwa ajili ya kudai chochote. Kilianza kwa kahawa. Tulikuwa tukikutana hapa kila Ijumaa kupika pasti, zile sambusa kubwa za kuoka zenye nyama, viazi na mizizi ya rutabaga, tukaziuza mjini, na fedha zikaenda kwenye kuni za wasiojiweza. Mambo ya bima kila mmoja aliyabeba nyumbani kwake, kama mtu anavyobeba maumivu ya mgongo.

Wewe unaijua sheria ilivyokuwa, lakini tunaisema ili hata wageni wetu waielewe. Mtumishi wa wilaya anapostaafu, anaweza kuingia katika bima ya wastaafu siku hiyohiyo. Asipoingia, au akitaka kubadili mpango baadaye, anasubiri dirisha la usajili la Novemba, na bima yake mpya inaanza Januari. Katikati ya mwaka mlango umefungwa, isipokuwa limpate jambo kubwa, kama kufiwa na mwenzi aliyekuwa akimlipia bima. Hapo alipewa siku thelathini. Zikipita, asubiri Novemba kama wengine.

Thelathini, mgeni rasmi. Huku kwetu mtu akifa katikati ya majira ya baridi, hata kaburi halichimbiki mpaka barafu ya ardhini iyeyuke.

YALIYOMPATA MWENZETU

Bi. Verna Salmela alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Ni yeye aliyewapikia watoto wa wengi mliomo humu, na wewe mgeni rasmi ukiwamo, na anakumbuka nani alikuwa akificha karoti chini ya meza. Alistaafu mapema ili amuuguze mumewe, Wilho, aliyekuwa mchimba madini na mapafu yake yalikuwa yamechoka. Bima ya wilaya hakuichukua. Hakuwa na sababu, kwa kuwa ile ya mgodini ilimkinga mume na mke.

Wilho alifariki mwezi wa pili. Verna alifunga pazia, akawa analala kwenye kiti cha mumewe. Barua zilikuja za rambirambi na za mambo mengine, akaziweka zote kapuni bila kuzifungua. Hakujua kwamba bima ya mgodini ilikufa na mwenye nayo.

Alijua mwezi wa tano, dukani kwa mfamasia, alipokwenda kuchukua dawa zake za moyo. Alikuwa ameanza kuhema akipanda ngazi tatu za kibaraza chake, na daktari alikuwa amemwambia kwamba mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa, upasuaji usivuke kiangazi. Mfamasia akaijaribu kadi yake ya bima, akaijaribu tena, akamrudishia kwa mikono miwili.

Akaenda makao ya wilaya. Binti wa dirishani alimpokea kwa adabu, hatuna lawama naye.

"Mama, pole sana kwa msiba. Ila siku zimepita. Njoo Novemba."

"Mwanangu, nilikuwa nazika mume. Ningehesabu siku saa ngapi?"

"Naelewa, mama. Lakini mfumo haunikubalii."

Verna akarudi nyumbani na hakumwambia mtu. Kwa akina Salmela kuomba ni kama kutoka nje bila nguo. Aliendelea kuja hapa kila Ijumaa, akamenya viazi kama kawaida, mpaka siku moja tulipomkuta amekaa sakafuni kando ya jiko, mgongo ukutani.

Art akamwambia, "Verna, unasali au umechoka? Kama unasali, niombee na mimi."

Verna alijaribu kuinuka, akashindwa, na midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Art akavua koti akamfunika, akakaa naye palepale sakafuni. Ndipo Verna akatueleza yote, kwa sauti ndogo, huku akiomba radhi kwa kutuchelewesha.

"Novemba ni mbali, Verna," Art akasema.

"Najua."

"Basi hatungoji Novemba."

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, sehemu hii unaijua, kwa kuwa ulikuwa umekaa kwenye kiti cha mbele. Tuvumilie tuisimulie, maana ndiyo fahari yetu.

Kikao cha Baraza cha mwezi wa sita tulikijaza. Wengine walisimama kando ya kuta na magongo yao. Verna hakutaka kusema. "Mimi ni mpishi," alituambia mlangoni, "kubembeleza watu sijui." Lakini alipoitwa alikwenda mbele, akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Sikuja kutaka zawadi," alisema. "Nitalipa kama wengine wanavyolipa. Ninachotaka ni kuingia. Mume wangu amekufa, na nyie mnaniambia nilichelewa."

Mwanasheria wa Baraza alijibu, na tukiri kwamba hakusema upuuzi. Alisema dirisha likiachwa wazi, watu watakaa nje wakiwa wazima na kuingia siku wakiugua, na mfuko utakauka kwa wote. Nawe mgeni rasmi ukaongeza kwa upole, "Bi. Salmela, tunakuonea huruma. Lakini siwezi kubadili sheria ya wilaya nzima kwa ajili ya mtu mmoja."

Hapo ndipo mkutubi wetu mstaafu, Bi. Hazel Pascoe, aliposimama.

"Si mmoja, Dale."

"Mama, tafadhali kaa. Utapewa nafasi."

"Nimeshaipata. Baba yako alipofariki, na mimi siku zilinipita. Kiangazi chote kile nilikuwa nakata vidonge vya presha nusu kwa nusu."

Ulivua miwani, mgeni rasmi, na kwa muda ukawa si mwenyekiti tena.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa kwenye kampeni, mwanangu. Ulikuwa na mengi."

Kisha nyuma yake akasimama mzee Bolduc wa karakana. Akasimama Bi. Torvinen wa zahanati. Mmoja baada ya mwingine, wajane na wagane ambao tumekunywa nao kahawa miaka yote hii, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake mzembe aliyechelewa. Sisi wenyewe tulikuwa hatujuani. Verna aligeuka akawatazama, kisha akaachia ile meza.

Mgeni rasmi, ungeweza kuahirisha kikao. Badala yake ulisema, "Kura hii siwezi kuipiga, mama yangu yumo ndani yake," ukamwachia makamu kiti, ukaenda kukaa kando ya mama yako. Wanne waliobaki walipiga kura. Watatu wakaafiki.

Hivyo leo mfiwa ana mwaka mzima wa kuingia katika bima, si siku thelathini. Waliokosa zamani walifunguliwa dirisha lao mwezi huohuo wa sita. Verna alipasuliwa mwezi wa saba katika hospitali ya mjini, ng'ambo ya ziwa. Art alimpeleka, na anadai alimwimbia njia nzima, ndiyo maana madaktari waliharakisha kumlaza usingizi.

Na sasa, mgeni rasmi, hiyo harufu unayoisikia tangu uingie ni ya pasti zake. Ngazi za jikoni amezipanda asubuhi hii akiwa na gunia la viazi begani. Tulimkataza. Hakusikia.

CHANGAMOTO

Shangwe isitusahaulishe. Dirisha la wafiwa limefunguka, lakini dirisha la kubadili mpango bado ni lile moja la Novemba. Daktari wa kisukari wa Art alijitoa katika mpango wa bima alionao Art mwezi wa tatu. Daktari anaruhusiwa kutoka mwezi wowote. Mgonjwa haruhusiwi kumfuata hadi mpango mwingine. Tangu hapo Art anaendesha gari hadi wilaya ya pili kumwona mtu asiyemjua, na kidonda cha mguuni hakijapona. Leo amevaa kiatu kimoja na ndara moja, akituambia ni mtindo mpya.

Pia, mtu akifiwa, ofisi inamwandikia barua. Mfiwa hasomi barua.

MAOMBI

Kwa unyenyekevu tunaomba daktari anapojitoa katika mpango, mgonjwa wake aruhusiwe kubadili mpango wakati huohuo. Tunaomba, mtumishi mstaafu au mwenzi wake akifa, ofisi ipige simu, na asiposhika, mtu aende akabishe hodi. Wastaafu wa kubisha hodi tunao, hawataki mshahara, wanataka kahawa tu.

Bi. Hazel naye ametuomba tukukumbushe kwamba Jumapili hula chakula cha jioni saa kumi na moja, na kiti chako kipo. Hilo halihusu Baraza.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, Jumatatu asubuhi dirisha la Novemba linafunguliwa. Verna ameazima basi dogo la kanisa, na ataliendesha mwenyewe nyumba kwa nyumba, kuanzia bonde la juu mpaka ufukweni, kuwachukua wote wanaotaka kuingia au kubadili. Mwaka huu hatumwachi mtu nyuma ya pazia.

Siku inayofuata, Jumanne, ni uchaguzi wa wilaya, na jina lako limo. Basi ni lilelile, na dereva ni yuleyule. Hatusemi zaidi ya hapo, ila tumejifunza kwa shida, na sasa tarehe za Novemba tunazikumbuka zote.

Mungu akulinde barabarani, ampe mama yako miaka mingi, na awape wote walio madarakani masikio kama uliyoyaonyesha siku ile.

Ni sisi wako,
CHAMA CHA WASTAAFU WA WILAYA YA TAMARACK