Tunamuaga Lydia, na Kesi Yake Inabaki

Naibu wa chifu wetu, Bwana Galgalo. Mzee Abubakar, mwenyekiti wa wazee, pamoja na wazee wenzako mlioketi safu ya mbele. Maustadhi na mchungaji. Jamaa za Lydia mliotoka Ngao. Kina mama wenzangu, vijana, na nyinyi mliosimama pale nje mkinusa pilau: assalaamu alaykum, na ndugu zetu Wakristo, Bwana asifiwe. Mimi ni Zamzam, mpishi wa kambi ya wageni. Wengi mliujua mdomo wangu kabla ya kuyajua mapishi yangu, na leo mmenipa kipaza sauti, basi poleni.

Tumekuja kumuaga Lydia. Akishakula atapanda gari aende Watamu, ambako amepata kazi ya kuongoza wageni. Ningependa kusema nimefurahi. Sikufurahi. Nina huzuni na nina hasira, na nitajitahidi zote mbili nizitoe kwa adabu.

Nani hapa asiyemjua Lydia? Binti wa wakulima, alikuja huku mdomoni mwa mto hajui hata kupara samaki, akaishia kuwa yeye ndiye wageni wanayemwulizia kwa jina tangu Nairobi. Alikuwa akizima injini ya boti, anainua kidole kimoja, na wote wananyamaza, hata wale wasiojua kunyamaza. Siku moja mzee mmoja Mzungu alisimama botini akilalamika kwamba amelipa pesa na kiboko hamwoni. Lydia akamwambia taratibu, "Baba, keti kwanza, maana yuko chini yako." Yule mzee aliketi, wallahi, na hakusimama tena mpaka gatini.

Na kambi ile, hema chache tu na jiko langu la makuti, iliwalisha wangapi? Wavuvi mlileta kamba asubuhi, wakaisha kabla jua halijapanda. Kina mama walisuka mikeka, ikapelekwa Ulaya. Maembe yalitoka kijijini Wema, maziwa yalitoka kwa wafugaji, na hakuna aliyerudi nyumbani na mzigo wake. Mzee Abubakar, mabati mapya ya nyumba yako si yalitoka kwenye boti yako iliyobeba wageni? Nauliza kwa heshima tu.

Kisha simu ya mgeni ikapotea hemani. Tukafanya kama tunavyofanya siku zote. Wazee mliketi, mkamjua aliyeichukua, baba yake akatoa mbuzi wa maslaha, wa kupatanisha, tukala pamoja, yakaisha. Mgeni akaambiwa simu yake imeokotwa njiani. Akafurahi, maskini, akamzawadia aliyeiokota! Jamani, na aliyeiokota ndiye aliyeiiba.

Msinielewe vibaya. Maslaha yametuweka pamoja watu wa mto huu, wavuvi, wakulima na wafugaji. Ng'ombe wakikanyaga shamba la mtu, watu huketi, mbuzi huliwa, na kesho yake majirani wanaamkiana. Lakini yule aliyekanyagiwa shamba huwa ameketi kwenye sinia, anakula, anasema nimesamehe. Mgeni wetu aliketi kwenye sinia gani? Tulimsamehe mwizi kwa niaba ya mtu ambaye hakuulizwa, tena tukamdanganya.

Ikaibwa darubini ya Lydia, mbuzi. Ikang'olewa injini ya boti, mbuzi. Na tukiwa nje ya kikao, kila mmoja alikuwa na wa kumsingizia. Wavuvi walisema ni wafugaji, wafugaji wakasema ni wakulima, wakulima wakasema ni vijana wa mjini Garsen. Vijana wenyewe walikuwa papo hapo siniani, wanachagua minofu.

Mwezi uliopita, mchana kweupe, mtumbwi ulichomoza kwenye mikoko ukatuzuia njia. Vijana watatu, nyuso wamezifunga vikoi. Nami nilikuwemo botini, kapu la chakula mapajani. Alikuwemo pia mgeni mmoja, mama mtu mzima, akaung'ang'ania mkoba wake kwa sababu dawa zake za moyo zilikuwa ndani. Panga likainuliwa juu yake. Lydia akaweka mkono. Ndio huo mnaouona umefungwa. Hospitali ya Ngao waliushona vizuri, Mungu awalipe, ila vidole viwili havikunjiki hadi leo.

Wageni waliondoka siku ya pili yake, na kampuni iliyokuwa ikituletea watu imetufuta kwenye safari zake. Hema zimekunjwa. Enyi wavuvi, kamba sasa mnamuuzia nani? Mikeka iliyorundikana kwa kina mama, nani ataitandika? Wageni hawatuambii kwamba wameudhika, wanaenda kwingine tu, na sisi tunabaki tukilaumu serikali na barabara.

Lydia alikwenda kituo cha polisi Garsen akaandikisha maelezo. Mimi wazee mliniambia, "Zamzam, wewe usiende kwanza, acha tuketi." Nikangoja, kwa kuwaheshimu. Juzi mmeketi, na mmeamua: mbuzi, blanketi na pole, naye Lydia aondoe kesi kabla ya kuondoka. Mkanituma mimi nimwombe hapa, mbele yenu nyote, mkijua kwamba hana uso wa kunikatalia hadharani. Bwana Naibu Chifu, kama hukuambiwa, hiyo pilau unayoinusa ndiyo maslaha yenyewe.

Jana nilimwendea, nikamweleza nilichotumwa. Hakukasirika. Aliniuliza, "Mama Zamzam, mimi naondoka, wewe unabaki nao. Wataka nifanyeje? Utakavyosema kesho, nitafuata." Nilitamani angenitukana. Binti aliyekatwa mkono kwa ajili ya mgeni wetu ananionea huruma mimi.

Basi Lydia, mwanangu, nilitumwa nikuombe, na sikuombi. Usiondoe kesi. Najua kortini watakuuliza ulimtambuaje mtu aliyefunga uso, nawe hukumtambua. Mimi nilimtambua. Kabla hajainua panga aliniambia, "Mama mdogo, inama," asije akaniumiza. Hata katika uhalifu alikumbuka adabu ya nyumbani, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Katika mji huu mzima ni mtu mmoja tu anayeniita mama mdogo. Ni Rashad, mtoto wa dada yangu Afrah, niliyembeba mgongoni.

Dada, nakuona umeziba mdomo. Sikukwambia mapema kwa sababu ungelia, na ukilia nisingeweza. Rashad akitoka jela atanikuta nipo, na chakula chake nitampelekea mimi mwenyewe kila wiki, akikubali kukipokea.

Gari la Lydia linapita Garsen. Nitapanda naye, nishuke kituoni, niandikishe nilichokiona. Kina mama watawapakulia. Nawashukuru nyote mlionivumilia mpaka neno hili la mwisho, na zaidi ya wote wewe, dada yangu, ambaye bado umekaa.